Kovu Ndilo Linaloamua

Katika vibanda vya mafundi vyuma vya Katwe, hatua chache kusini mwa kitovu cha Kampala, kelele za nyundo na grainda hazipoi tangu asubuhi mpaka giza liingie. Hapo hutengenezwa majiko, mageti, mashine za kukaangia bisi na vipuri vya magari ambavyo kiwanda kilichovitoa kilishaviacha zamani. Mteja aliyeizoea Katwe haulizi nguvu ya mashine peke yake. Huuliza pia ikiharibika itarudishwa kwa nani. Na fundi akiletewa geti lililoliwa na kutu, hapotezi muda katikati ya bomba. Huenda moja kwa moja kwenye kiungio, pale madini mawili tofauti yalipokutana na maji yakapata mahali pa kutulia.

Wahandisi wanaotengeneza elektrodi za kupandikizwa ndani ya ubongo wamehangaika kwa miongo kadhaa na kiungio cha aina hiyo. Upande mmoja kuna platini, iridi au silikoni. Upande wa pili kuna nyama hai, yenye joto la nyuzi 37, iliyolowa maji ya chumvi na iliyojaa seli ambazo kazi yake ni kukitafuta kitu chochote kigeni na kukitenga.

Tangu mwaka 2004, jaribio la BrainGate lilipoanza nchini Marekani, dunia imeonyeshwa watu waliopooza wakisogeza kishale cha kompyuta, wakiendesha mkono wa roboti na hata kuandika kwa kufikiria tu. Video hizo zinastaajabisha, na ni za kweli. Kisichoonekana ndani yake ni shughuli inayoendelea chini ya fuvu, ambako mwili huanza kujenga ukuta kuizunguka elektrodi kabla hata mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Vifaa hivi husifiwa kwa idadi ya njia zake za kupokea ishara na kwa kasi ya kompyuta iliyounganishwa navyo, lakini umri wake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kovu. Kwa Afrika Mashariki, ambako kurudi hospitalini ni nauli na siku za kazi zilizopotea, hilo si suala la maabara tu. Tena Uganda ina ushahidi wake kuhusu jambo hili, uliopatikana Mbale kwa watoto wenye maji kichwani.

Kwanza, ukubwa wa tatizo. Seli ya neva inapotoa ishara, badiliko la umeme nje yake ni dogo mno, la makumi au mamia machache ya maikrovolti, na hufifia upesi kadiri umbali unavyoongezeka. Ili ishara ya seli moja ipambanuliwe na ya jirani yake, ncha ya elektrodi inapaswa kuwa karibu sana, ndani ya maikromita 50 hivi. Ikiwa umbali umefika maikromita 150, kinachosikika ni mvumo wa seli nyingi kwa pamoja. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Kwa maneno mengine, safu ya kovu yenye unene wa unywele mmoja au miwili inatosha kuigeuza elektrodi ya mamilioni ya shilingi kuwa kipande cha chuma kisichosikia chochote cha maana.

Elektrodi iliyotumika sana kwa binadamu katika utafiti huu ni safu ya Utah, iliyobuniwa na Richard Normann katika Chuo Kikuu cha Utah. Ni kibamba cha silikoni, madini yaleyale yanayotengenezewa chipu za simu, chenye upana wa milimita 4 kwa 4. Kina sindano 100, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 1 hadi 1.5, zilizoachana kwa maikromita 400. Daktari haisukumi taratibu kwa mkono, kwa sababu sindano nyingi hivyo zikisukumwa polepole huuminya ubongo badala ya kuingia. Hupigwa kwa kinyundo kidogo kinachoendeshwa na hewa, pigo moja la haraka, na kibamba kizima kikazama.

Pigo hilo ndilo mwanzo wa kila kitu kinachofuata.

Gamba la ubongo limetandazwa vishipa vya damu kwa wingi kiasi kwamba hakuna njia ya kupitisha sindano bila kuchana baadhi yake. Kwa kawaida, kuta za vishipa hivyo ni kizuizi kikali kinachochuja kila kinachotaka kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Zikichanika, protini za damu kama albumini na fibrinojeni humwagika mahali ambapo hazikutakiwa kufika, na nyingine hujibandika juu ya elektrodi yenyewe. Kuanzia hapo seli hazioni tena chuma kitupu. Zinaona chuma kilichopakwa dalili za jeraha.

Wa kwanza kuitikia ni mikroglia, seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo na kuupekua usiku na mchana kwa mikono yao myembamba. Mwaka 2012 Takashi Kozai na wenzake walitumia darubini ya leza kutazama ubongo wa panya hai wakati elektrodi inachomekwa, na wakaona mikroglia za karibu zikigeuza mikono yake na kuielekeza kwenye kitu kigeni ndani ya nusu saa ya kwanza. Saa kadhaa baadaye seli zenyewe huanza kusogea. Zikishafika hujaribu kukimeza kile kitu. Zikishindwa, kwa kuwa silikoni haimezeki, huendelea kumwaga kemikali za uvimbe zilizokusudiwa kuua vijidudu. Kemikali hizo hazichagui. Huziumiza pia seli za neva zilizo jirani.

Baada yao huja astrosaiti, seli zenye umbo la nyota ambazo siku zote huzilisha neva na kuzitegemeza. Zikisikia vurugu, hunenepa, huongezeka na kushikana mikono kuizunguka elektrodi. Kwa wiki mbili hadi sita ukuta wao hukazana na kuwa ala ngumu, ambayo kwa kawaida ina unene wa makumi ya maikromita. Umeme hupita kwa shida zaidi ndani yake, na ndiyo maana ukinzani unaopimwa kwenye elektrodi hupanda katika wiki za mwanzo. Zaidi ya hapo, ukuta huisukuma seli ya neva mbali na ncha, nje ya ile nafasi finyu ya maikromita 50.

Mwaka 2005, Roy Biran na Patrick Tresco wa Utah, pamoja na Dave Martin, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo hutajwa kila suala hili linapojadiliwa. Katika ubongo wa panya waliopandikizwa elektrodi, waliona kuwa karibu asilimia 40 ya seli za neva zilizokuwa ndani ya maikromita 100 zilikuwa zimetoweka. Kundi jingine la panya lilichomwa kwa elektrodi ileile, ikachomolewa papo hapo. Kwa kundi hili jeraha lilipona, na hasara ya namna hiyo haikuonekana. Hapa ndipo dhana ya zamani ilipotikisika. Ilidhaniwa kwamba madhara yanatokana na ukatili wa kuchomeka, na kwamba daktari mwenye mkono mwepesi au sindano kali zaidi angeyamaliza. Panya wa Utah walionyesha kwamba ubongo unaweza kusamehe kuchomwa. Kisichosamehewa ni kitu kubaki mle ndani.

Kwa nini usizoee? Sababu moja ni ugumu. Ugumu wa tishu ya ubongo hupimwa kwa kilopaskali chache, na wa silikoni kwa zaidi ya gigapaskali 100. Tofauti hiyo inazidi mara milioni kumi. Na ubongo haujatulia: huinuka na kushuka kwa kila pumzi na kila pigo la moyo, na husogea zaidi kichwa kinapogeuka ghafla. Elektrodi iliyofungwa kwenye fuvu haifuati mwendo huo, kwa hiyo inaikwaruza tishu maelfu ya mara kwa siku. Vishipa vilivyopona huchubuka tena, protini za damu huvuja tena, na mikroglia zilizokuwa zimeanza kupoa huamshwa upya. Jeraha la upasuaji lina mwanzo na mwisho, ila hili hufanywa upya kila mtu anapovuta pumzi.

Sababu nyingine iko upande wa chuma. Kemikali zinazomwagwa na seli za ulinzi hushambulia pia vifaa vyenyewe. Nyaya za tungsteni zilizotumika sana kwenye maabara huliwa taratibu. Plastiki nyembamba inayoziba kila sehemu isipokuwa ncha hupata nyufa, na unyevu hupenya mpaka kwenye viungio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walipochunguza kwa darubini ya elektroni safu za Utah zilizotolewa kwenye vichwa vya nyani, waliona platini iliyolika kwenye ncha na nyufa kwenye mpira wa silikoni uliofunika sehemu nyingine. Kwa hiyo kovu na kutu hazisafiri kila moja na njia yake. Uvimbe huharakisha uharibifu wa kifaa, na kifaa kilichoharibika huchochea uvimbe.

Hesabu kubwa ya kushindwa huko ilitolewa mwaka 2013 na James Barrese, John Donoghue na wenzao, waliorudi nyuma na kufuatilia safu 78 zilizopandikizwa kwa nyani 27. Safu 62 zilikuwa zimeshindwa kabisa, na zaidi ya nusu ya hizo zilikufa ndani ya mwaka wa kwanza. Jambo la kushangaza ni kwamba chanzo kilichoongoza hakikuwa cha kibaiolojia. Karibu nusu ya kushindwa kote kulikuwa kwa kimitambo, hasa kwenye kiunganishi kinachotokeza juu ya kichwa. Katika sababu za kibaiolojia, iliyotawala ilikuwa utando wa ubongo, ambao uliota chini ya safu, ukanenepa na kuinyanyua taratibu mpaka sindano zikatoka ndani ya tishu. Mwili uliitema, tena bila haraka.

Kwa binadamu habari ni nzuri zaidi, ingawa si rahisi. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha habari za mwanamke aliyepooza aliyejinywesha kahawa kwa mkono wa roboti, zaidi ya miaka mitano baada ya safu yenye elektrodi 96 kuwekwa kwenye ubongo wake. Nathan Copeland, aliyepandikizwa mwaka 2015 huko Pittsburgh, aliendelea kutumia safu zake kwa miaka mingi kuliko wote waliomtangulia. Mwaka 2023 kundi la BrainGate lilitoa taarifa ya usalama ya washiriki 14 walioishi na vifaa hivyo kwa jumla ya siku 12,203. Hakuna aliyelazimika kutolewa kifaa kwa sababu ya tatizo la kiusalama. Kwa upande mwingine, Ian Burkhart wa Ohio, aliyewekewa safu mwaka 2014 na kuutumia tena mkono wake mwenyewe uliopooza, ilibidi atolewe kifaa mwaka 2021 kwa sababu ya maambukizi.

Kisha likaja tukio lililosomwa na kila mtu. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikiza Noland Arbaugh kifaa chenye nyuzi laini 64 zilizobeba elektrodi 1,024. Nyuzi hizo zilibuniwa kwa makusudi ziwe nyembamba na zenye kunyumbulika ili zifuate mwendo wa ubongo. Wiki chache baadaye nyingi zikaanza kujivuta nje. Kampuni ilikiri hivyo mwezi Mei, na gazeti la Wall Street Journal likaripoti kwamba takriban asilimia 85 ya nyuzi zilikuwa zimechomoka. Wahandisi walibadilisha programu ya kusoma ishara kiasi kwamba Arbaugh aliendelea kucheza sataranji na kutumia kompyuta kwa zile chache zilizobaki. Ni ushindi wa programu, na inafaa kuusifu. Lakini programu inaweza tu kusoma vizuri zaidi kile ambacho bado kinasikika. Haimrudishi jirani aliyehama.

Hapa inabidi kutenganisha kazi mbili ambazo huchanganywa. Kuna elektrodi zinazosikiliza na zipo zinazosema. Zinazosema, yaani zinazopeleka umeme kwenye tishu, huvumilia kovu zaidi kwa sababu hazihitaji kumtambua mnong'onaji mmoja. Tiba ya kusisimua kiini cha ubongo kwa wagonjwa wa Parkinson ilianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, mikononi mwa Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak. Waya wake una unene wa zaidi ya milimita moja, mkubwa sana ukilinganisha na sindano ya Utah, na hujengewa kovu vilevile. Hata hivyo umeme wake hufika umbali wa milimita kadhaa, hivyo daktari hurekebisha kipimo na wagonjwa wengi hunufaika kwa miaka.

Moyo ulipata suluhisho mapema zaidi. Betri za moyo, kama wagonjwa wengi wanavyoziita, zilikuwa na tatizo hilohilo. Wiki chache baada ya kuwekwa, tishu iliyozunguka ncha ya waya ilivimba na kuota kovu, na umeme uliohitajika kuustua moyo ukapanda, wakati mwingine kupita uwezo wa betri. Mapema miaka ya 1980 watengenezaji waliweka kwenye ncha ya waya kiasi kidogo cha deksamethasoni kinachovuja polepole. Ndiyo dawa iliyokuja kujulikana na kila mtu wakati wa Uviko mwaka 2020. Ilituliza uvimbe kwenye ule mpaka finyu wa chuma na nyama bila kuusumbua mwili mzima, na kilele cha wiki za mwanzo kikapungua. Waya za namna hiyo ndizo za kawaida sasa. Wahandisi wa neva wanajaribu kuiga, ila ubongo ni mgumu zaidi: dawa iliyobebwa huisha, lakini mkwaruzo hauishi.

Sikio la ndani liko katikati ya mifano hii miwili. Hospitali ya Taifa Muhimbili, nchini Tanzania, ilianza mwaka 2017 kufanya upandikizaji wa vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto waliozaliwa viziwi au waliopoteza usikivu, ambao zamani walilazimika kupelekwa nje ya nchi. Elektrodi inaingizwa ndani ya mfereji uliojisokota kama konokono, na huko pia tishu hujibu kwa kuota nyuzinyuzi za kovu na mara nyingine mfupa mpya. Kwa kawaida mtoto huendelea kusikia, kwa kuwa kifaa hiki nacho ni msemaji. Hatari kubwa ni pale mtoto anapokuwa ameugua homa ya uti wa mgongo. Uvimbe wa ugonjwa huo unaweza kuanza kuujaza mfereji kwa mfupa ndani ya wiki chache, na nafasi ya kupitisha elektrodi ikafungwa. Kwa mtoto wa namna hiyo, miezi sita ya kuchangisha fedha ni miezi ambayo tishu inaitumia kuziba mlango. Kaskazini mwa Uganda imo katika ukanda wa Afrika wa homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo ratiba ya rufaa huko ni sehemu ya tiba yenyewe.

Sasa Mbale. Mapema miaka ya 2000, daktari Mmarekani Benjamin Warf alianza kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini humo, chini ya Mlima Elgon. Wengi wa watoto walioletwa walikuwa na maji kichwani, na katika takwimu zake karibu asilimia 60 waliyapata baada ya maambukizi ya ubongo katika miezi ya mwanzo ya maisha. Tiba ya kawaida duniani ilikuwa shanti: mrija wa mpira wa silikoni wenye matundu madogo, unaochomekwa ndani ya vyumba vya maji vya ubongo na kupitishwa chini ya ngozi hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa. Hauna umeme wala hausikilizi neva, lakini ni mgeni ndani ya ubongo kama elektrodi, na unakutana na wenyeji walewale. Mikroglia na astrosaiti huupanda. Tishu inayotengeneza maji ya ubongo, iliyo kama mashada ndani ya vyumba hivyo, huingia kwenye matundu na kuyaziba. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya shanti za watoto hushindwa ndani ya miaka miwili.

Kushindwa huko kuna sura ambayo mama yeyote ataiona kabla ya daktari. Utosi unatuna na kukaza. Mtoto anatapika asubuhi, anakuwa mzito, macho yake yanaelemea chini na weupe unaonekana juu ya mboni. Mama anayeishi Katwe akiona hayo ana Hospitali ya Mulago umbali wa safari fupi ya bodaboda, na shanti ikiziba usiku anaweza kufika kabla ubongo haujaminywa kupita kiasi. Mama wa kijijini Karamoja au kando ya Ziwa Kyoga anayemtegemea daktari wa Mbale hana muda huo. Hata kutoka Kampala, Mbale ni zaidi ya kilomita 200 za barabara inayovuka Mto Nile pale Jinja. Mrija uleule unaovumilika kwa mtoto anayeishi dakika 20 kutoka hospitalini unaweza kumuua aliye mbali.

Warf alifanya mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa pamoja. Kwanza alilinganisha shanti ya bei nafuu ya Chhabra kutoka India, iliyogharimu dola 35 hivi, na ya Codman-Hakim ya dola 650 hivi. Katika utafiti wa watoto 195 uliochapishwa mwaka 2005, hakuona tofauti ya maana katika matokeo ya mwaka mmoja. Mfamasia anaweza kulisoma tokeo hilo kama habari ya bei. Kwa mtu anayefikiria tishu linasema zaidi: ikiwa kinachoamua ni jibu la mwili na hatari ya vijidudu, shanti ya kisasa zaidi haiwezi kuleta faida inayolingana na bei yake.

Pili, aliamua kuuondoa mrija kabisa pale inapowezekana. Kwa kamera nyembamba inayoingizwa kupitia utosi, hufunguliwa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia ya asili, kisha yale mashada yanayotengeneza maji huchomwa kwa umeme. Operesheni inakwisha na hakuna kitu kilichobaki ndani. Mwaka huohuo wa 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550 wa Afrika, yaliyoonyesha kwamba kuunganisha hatua hizo mbili kulifaulu zaidi kwa watoto wachanga kuliko kufungua tundu peke yake. Akiwa na John Mugamba, daktari wa upasuaji wa ubongo wa hospitali hiyo, na Abhaya Kulkarni wa Toronto, alitengeneza alama za kukadiria ni mtoto yupi njia hii itamfaa.

Je, ilishinda? Mwaka 2017 New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa Mbale kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita waliopata maji kichwani baada ya maambukizi. Karibu nusu walipata shanti, na waliobaki walipata njia ya kamera. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukutofautiana kati ya makundi. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliofanyiwa kwa kamera na asilimia 24 ya waliowekewa shanti, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa thabiti. Mtu anaweza kusema basi ni sare. Lakini tazama tarehe za kushindwa. Njia ya kamera ikifeli, kwa kawaida hufeli katika miezi ya mwanzo, wakati mtoto bado yuko kwenye orodha ya kufuatiliwa. Shanti hubaki na uwezo wa kuziba mwaka wa pili, wa tano au wa kumi na mbili, na hakuna anayejua itakuwa siku gani. Kwa mtoto wa kijijini hatari hizi mbili hazina uzito sawa hata kama asilimia zinakaribiana.

Hapo ndipo Mbale inapowafundisha watengenezaji wa elektrodi. Kwa miaka mingi juhudi zilikuwa kutafuta chuma ambacho mwili hautakiona: laini zaidi, chembamba zaidi, kilichopakwa dawa. Zimesaidia, na nyuzi laini huacha kovu dogo kuliko silikoni ngumu. Lakini wapo walioamua kuyapokea majibu ya tishu na kuyafanyia kazi. Philip Kennedy, huko Atlanta, alitumia koni ndogo ya kioo yenye vichocheo vya ukuaji ili nyuzi za neva ziote ndani yake na kuishika. Mwaka 1998 mgonjwa wake aliyepooza mwili mzima aliweza kusogeza kishale kwa kifaa hicho. Kampuni ya Synchron, iliyoanzishwa na Thomas Oxley wa Melbourne, haitoboi ubongo kabisa. Kifaa chake ni wavu mdogo unaopitishwa ndani ya mshipa wa shingoni hadi kwenye mshipa mkubwa ulio juu ya ubongo. Ukuta wa mshipa huota juu ya wavu huo na kuumeza, na kuota huko ndiko kunakoufunga mahali pake. Taarifa ya wagonjwa wanne wa kwanza wa Australia, iliyotoka mwaka 2023, haikuwa na madhara makubwa yaliyosababishwa na kifaa kwa mwaka mzima. Gharama yake ni kwamba kinasikiliza kutoka nje ya ukuta. Hakisikii seli mojamoja, na kasi ya mawasiliano ni ndogo kuliko ya safu ya Utah.

Huo ni mtego ambao hauna njia ya kuukwepa: ukisogea karibu unasikia vizuri na unachokoza, ukikaa mbali unadumu na unasikia kidogo. Chaguo sahihi linategemea mgonjwa na mahali anapoishi. Mtu anayeishi karibu na chuo kikuu chenye wahandisi wanaorekebisha programu yake kila wiki anaweza kuchagua kasi. Anayeishi mbali nao afadhali apate kifaa cha polepole kitakachokuwa kilekile baada ya miaka minane.

Na si tishu peke yake inayoacha kifaa yatima. Kampuni ya Second Sight ya California iliuza Argus II, elektrodi zilizobandikwa kwenye retina ili kuwarudishia vipofu mwanga kidogo. Ilipata kibali Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Mwaka 2019 ikaacha kuitengeneza, kisha ikakaribia kufilisika. Watu zaidi ya 350 duniani wakabaki na chuma machoni ambacho hakuna mwenye wajibu wa kukitengeneza, baadhi wakiwa na vifaa vilivyozimika ghafla. Yalitokea hayo katika nchi zenye bima, mahakama na mawakili.

Kabla wizara yoyote ya Afrika Mashariki haijasaini mkataba wa kuleta elektrodi za ubongo, au kupokea msaada wa vifaa vya kusikia au betri za moyo, kuna mambo ya kudai kwa maandishi. La kwanza ni rekodi ya ukinzani wa kila elektrodi tangu siku ya upasuaji, iliyo mikononi mwa hospitali na si kwenye seva ya kampuni, kwa sababu mstari huo unaopanda au kushuka ndio dalili ya mapema ya kinachotendeka kwenye tishu. La pili ni fedha za operesheni ya kukitoa au kukibadilisha, zilizotengwa kabla ya ile ya kukiweka. La tatu ni mkataba wa vipuri na programu utakaobaki hata kampuni ikiuzwa. La nne ni fundi wa ndani aliyefunzwa kupima na kurekebisha, maana daktari wa upasuaji akishaondoka ndiye atakayeonana na mgonjwa mara nyingi zaidi.

Kisingizio cha kawaida ni kwamba ufuatiliaji wa muda mrefu hauwezekani katika nchi zetu. Watoto wa lile jaribio la Mbale, wengi wao wa familia za vijijini, walirudishwa na kupimwa ubongo na ukuaji wa akili miaka miwili baada ya matibabu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Ufuatiliaji wa namna hiyo unahitaji bajeti yake, pamoja na kazi ya kuwatafuta wazazi huko waliko. Fedha hizo ni kidogo zikilinganishwa na bei ya elektrodi 1,024, na bado ndizo za kwanza kufutwa mpango unapopunguzwa.